Ngazi ya Upande wa Mama

Mama yangu alikuwa amechoka kubebwa. Goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki tena, na gari langu ni la juu, kwa hiyo kila Jumapili nilimshika kiunoni na kumpandisha kama gunia la viazi, mbele ya majirani waliokuwa wakienda misa kwa miguu. Hakulalamika. Alifumba macho tu mpaka nifunge mlango. Ndipo nikaamua kufungisha ngazi za pembeni, zile za bomba refu la chuma lenye vipande vya mpira vya kukanyagia, ili apande mwenyewe.

Fundi hakuwa wa kutafutwa. Ni mtoto wa ubatizo wa mama. Alibatizwa akiwa na miaka tisa, muda mfupi baada ya sisi kurudi kutoka Tanzania, na mama ndiye aliyemwekea mkono begani siku ile. Tumekua pamoja. Ana gereji ndogo kwenye njia iendayo mpakani, Grande Barrière, lakini kazi hii alisema ataifanya uani kwetu, mama akiona.

Mafundi wengi wa hapa wana mazoea yao. Gari likishainuliwa kwa jeki, huliegemeza juu ya mawe meusi ya volkano. Yako kila mahali, ni mepesi kwa sababu yana matundu ndani, na nyumba zetu zimejengwa juu yake. Lakini kwenye msingi wa nyumba jiwe hulala na wenzake, saruji imelishika pande zote. Chini ya gari hubeba mzigo wote mahali padogo, na siku moja hupasuka bila kutoa ishara. Nilimfahamu fundi aliyepoteza vidole viwili kwa namna hiyo. Kwa hiyo nilikata vigogo viwili vya mkaratusi, vifupi na vipana, bapa juu na chini, nikaviweka miguuni pa fundi wetu.

"Mawe hapana," nilimwambia.

Alicheka. "Hii jiwe inabeba nyumba ya mama muzima, itashindwa na ka voiture kako?"

"Mawe hapana."

"Bon, ndugu yangu. Andika kwa kadaftari kako: fundi amekubali."

Ni kweli huwa naandika kila kitu. Niliandika, nikaenda kwenye shughuli zangu.

Niliporudi saa tisa alasiri ngazi zilikuwa zimefungwa, zinang'aa. Mama alipanda na kushuka mara tatu, akicheka peke yake. Fundi alimshika mkono. "Nyuma, mama. Weka muguu huku nyuma." Nilidhani ni adabu.

Jioni ile niliona vitu viwili nikaviacha. Vigogo vilikuwa safi, havina hata alama ya chuma. Na kando ya ukuta palikuwa na jiwe lililopasuka, ndani likiwa bado halijashika vumbi. Angekuwa fundi mwingine yeyote ningeuliza.

Kwa wiki sita mama alipanda mwenyewe. Majirani walimpungia mkono, naye aliwajibu akiwa juu, kama mtu aliye kwenye kibaraza chake.

Kisha Jumapili moja, tukienda misa, kwenye mlima wa kwenda Nyundo, gurudumu la mbele kulia likatoboka. Nilivuta breki ya mkono, nikamshusha mama na kumkalisha kwenye ukuta mfupi wa kando ya barabara. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa kuwa kuzuia gari lisirudi nyuma ndiyo kazi yanayoiweza. Nililegeza nati gari likiwa bado chini, nikatandika kipande cha ubao ili jeki isizame kwenye udongo. Ngazi mpya ilinizuia kuona, ikabidi nipige magoti nipapase ule ukingo mgumu ulio nyuma ya gurudumu, unaotengenezwa kwa ajili ya jeki.

"Usiweke hapo," mama akasema.

Nilimgeukia. Mama hajawahi kushika jeki maishani mwake.

"Kwa nini?"

"Pamevunjika."

Nililala chini, nikawasha tochi ya simu. Ukingo ulikuwa umebonyea kama kopo lililokanyagwa, umejazwa mastiki, lile rojo la kuzibia bodi, na kupakwa rangi nyeusi. Kishikio cha mbele cha ngazi kilitakiwa kiwe na bolti mbili. Kilikuwa na moja. Ya pili ilikuwa kichwa tu, kimebandikwa kwa mastiki, kwa sababu matundu hayakulingana tena.

Mama alieleza bila kuniangalia. Jiwe lilipasuka, gari likaanguka, fundi akawahi kutoa mkono. Kisha akapiga magoti mbele ya mama, akimwomba asiniambie. "Alisema utaliandika, halitafutika."

"Wiki sita, mama."

"Nilikuwa nakanyaga nyuma."

"Na kama ningeweka jeki hapa nikiwa peke yangu?"

Aliipangusa sketi yake. "Kila Jumapili nilitaka kukuambia," akasema. "Halafu napanda mwenyewe, nafurahi, nanyamaza."

Nililaza gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari, ili likianguka lisifike chini. Nikaiweka jeki chini ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu, nikainua polepole. Gurudumu bovu nikalilaza mahali pa lile la akiba, nikafunga la akiba, tukaendelea.

Fundi alikuwa getini kwenye kanisa kuu, kama kila Jumapili. Alifungua mlango wa mama. "Nyuma, mama," akaanza, kisha akaona magoti yangu yenye udongo.

"Nilikuwa nataka kurudilia ile kazi," akasema.

"Lini?"

Alimtazama mama. Mama akampa mkono, akashuka kwa kukanyaga nyuma, wakaingia kanisani pamoja.

Jumatatu nilizifungua ngazi zote mbili. Ile bolti moja ya mbele niliizungusha kwa vidole, bila spana.

Jumapili iliyofuata nilitoka ndani nikiwa tayari kumbeba. Mama alikuwa amekwisha kufika penye gari. Alikuwa amekiburuta kigogo kimoja cha mkaratusi toka ukutani hadi mlangoni, upande wake. Alikikanyaga, akashika mlango, akapanda. Nilisubiri akae vizuri, nikakichukua kigogo na kukipakia nyuma ndani ya gari, akishukie kanisani. Kilikuwa na alama moja tu, ya kisigino chake.