Mahojiano ya Jumamosi

Kabla sijaitwa mkuu wa chuo, na kabla watu hawajaanza kunisimamisha katika kila harambee na kila kamati ya zahanati, nilikuwa karani. Miaka michache baada ya Uhuru, chuo kimoja cha walimu upande wa Homa Bay kilinipa meza, taipureta yenye herufi moja mbovu na ufunguo wa stoo ya chaki. Nilijiona waziri.

Siku moja mkuu wangu aliniachia kazi ya kupanga siku ya kuwahoji vijana walioomba kujiunga na chuo. Nikachagua Jumamosi. Madarasa yangekuwa matupu, na kwangu mimi, Mkatoliki niliyelelewa karibu na misheni ya Asumbi, Jumamosi ilikuwa siku ya kufua shati tu. Nikapiga barua zote, nikazituma, nikajipongeza.

Siku ikafika, nusu ya viti havina watu. Mkuu akakunja uso, akasema asiyekuja hataki. Mfagiaji wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alinivuta pembeni.

"Karani, leo ni Sabato. Hao watu ya ziwa wako kanisani."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimbembeleza mkuu mpaka akakubali Waadventista wahojiwe Jumatatu. Wakaja wote, nguo zimepigwa pasi, nami nikapita uani kifua mbele. Nikadhani mambo yamekwisha.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja kutoka Sori, kando ya ziwa. Aliketi, akapangusa vumbi miguuni, akasema taratibu:

"Mwalimu, wale walingoja, Mungu akawapatia Jumatatu. Msichana yangu aliogopa kupoteza nafasi, akakuja hiyo Jumamosi. Sasa kanisa imemweka kando miezi tatu. Kuja uambie wazee ni nani alichagua hiyo siku."

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Msichana nilimkumbuka: alijibu maswali ya hesabu kabla mkuu hajamaliza kuuliza. Akikosa na chuo, atakuwa amepoteza huku na huku, na mkosaji ni mimi.

Sabato iliyofuata nilikuwa Sori. Ibada ilipokwisha nikasimama mbele ya wazee wa kanisa, nikakiri kosa, nikaomba adhabu ya msichana nipewe mimi. Mzee aliyeongoza kikao alinitazama kwa huruma.

"Kijana yangu, wewe pia tungekuweka kando. Lakini hatujawahi kukuweka ndani."

Watu wakacheka, hata mama. Msichana, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa peke yake, hakucheka. Wazee hawakupunguza hata siku moja. Ila yule mzee akaniuliza kama chuoni, angalau, nafasi yake ipo. Orodha ilikuwa haijatoka, na karani hana mamlaka ya kumpa mtu hata kipande cha chaki. Nikajibu, "Ipo."

Jumatatu asubuhi nikamweleza mkuu nilichoahidi, nikangoja kufutwa kazi. Akavuta droo, akanionyesha orodha aliyokwisha kuiandika. Jina la msichana lilikuwa juu kabisa. Alikuwa ameliweka hapo Jumamosi ileile, alipotoka kumhoji.

Kumbe sikumsaidia lolote, zaidi ya kumtenga na watu wake kwa miezi mitatu. Niliona haya sana. Lakini huko ziwani ilishavuma kwamba ni mimi niliyempigania mpaka akapata nafasi. Wakaniita kwenye kamati ya shule, kisha ya barabara, kisha wakataka niwe mwenyekiti. Kila mara mtu alisimama kuwasimulia wenzake wema wangu. Mara ya kwanza nilikana. Mara ya pili nilikana kidogo. Mara ya tatu yule msichana mwenyewe alikuwepo, sasa mwalimu tayari, akinitazama. Nikanyamaza, nikapokea makofi.