Mama Alipouliza Mfuko Una Nini

Nilirudi Mambrui baada ya miaka kumi na minane ya uuguzi Uingereza. Siku ya nne mama alinikuta barazani, chai imenipolea mbele yangu, macho kwenye simu.

"Ni mchumba huyo?" akauliza. "Maana kila asubuhi unamtazama, na kila asubuhi anakununisha."

Nikacheka, nikamweleza. Nilipokuwa kule, kila mwezi nilitoa kidogo katika mshahara nikakitia kwenye mfuko wa uwekezaji. Watu wengi hutia fedha zao humo, wenye kuuendesha hununua hisa za makampuni ya dunia nzima, na thamani yake hupanda na kushuka. Wakati ule ilikuwa imeshuka, nami sikujua la kufanya: niuze hivyo hivyo nimpeleke mama Makka kwa Umra, kama nilivyomwahidi tangu baba yu hai, ama ningoje? Mama alikuwa ameshapita sabini, na magoti yake hayakuwa yakingoja kitu.

"Na ndani ya huo mfuko mna nini hasa?"

Miaka yote ile sikuwahi kusoma yaliyomo.

Kesho yake tukaenda Malindi, nikachapisha orodha ya makampuni, tukaisoma pamoja dukani kwa mchapishaji. Dawa, viatu, chokoleti, sabuni. Sabuni ile mama aliijua. Tulipoingia supamaketi alikwenda moja kwa moja kwenye rafu yake.

"Yetu hii?"

"Kipande kidogo sana, mama."

Akamgeukia mfanyakazi aliyekuwa karibu. "Mwanangu, zipange vizuri hizi, ni zetu." Akanunua tatu, naye tangu aolewe hakupata kuogea sabuni ya ghali namna ile.

Nyumbani, baada ya alasiri, tukafika ukurasa wa pili. Hapo palikuwa na kampuni ya bia, na chini yake mabenki ya riba. Nilisoma harakaharaka, lakini mama alisikia. Akavua miwani.

"Basi safari tuiache kwanza," akasema taratibu. "Siwezi kwenda kusimama pale kwa nauli ya ulevi."

Nilipandwa na hasira. "Mama, hili ni jasho langu! Nimegeuza wagonjwa vitandani mpaka mgongo umeniuma."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sitaki lichafuke."

Asubuhi nikampeleka kwa mwalimu wa darsa la dini la wanawake, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Tulimkuta akichuja tui. Alitusikiliza, akauliza maswali kama daktari, kisha akanawa mikono.

"Ulichotia ni mshahara wa kuuguza watu," akaniambia. "Hicho ni halali yako, mpeleke mama. Faida iliyotoka kwenye bia na riba, ikisie, na ukishaikisia uzidishe kidogo, uitoe kwa manufaa ya watu. Usitarajie thawabu kwayo. Na mfuko wenyewe achana nao."

"Manufaa gani?" mama akauliza.

"Hata choo, mama."

Mama alicheka hata akashika mlango. "Bia ijenge choo! Hiyo kazi inaifaa."

Nikaamua kuuza. Kijana wa ofisi ya mfuko aliyepokea simu yangu alikuwa na adabu, akanisihi nivute subira, akisema wengi huuza kwa hofu wakati bei iko chini. Nikamwambia siuzi kwa hofu, nauza kwa sababu ya magoti ya mama yangu. Akasema nimsalimie.

Haikupita miezi miwili bei ikapanda. Sitasema sikuumia. Niliumia kama aliyeng'atwa na siafu: nikaruka, nikajikuna, nikaendelea na kazi, kwani wakati huo nilikuwa nasimamia fundi kwenye zahanati moja ambayo choo chake cha wanawake hakikuwa na mlango. Tulikitia mlango, komeo na vigae. Mama alikwenda kukikagua mwenyewe. Mjamzito mmoja alipomwombea dua, alimkatiza.

"Si mimi, binti yangu. Waombee walevi waongoke."

Safari ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Makka nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu, na alipoiona Kaaba alinishika mkono, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

Madina, siku ya mwisho, nilimpoteza kwa nusu saa. Nilimtafuta mlango hadi mlango wa msikiti. Nikamkuta uani, amekaa na mwanamke wa makamo yake, wa nchi ya mbali ambayo lugha yake hakuna kati yetu aliyeijua. Walikuwa wanalishana tende, wanacheka.

"Mnazungumza nini?" nikamwuliza.

"Namwelekeza nyumbani. Nimemwambia akifika Malindi aulize gari za Mambrui, ashuke msikitini, sisi ni mlango wa tatu."

"Umemwambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili," mama akajibu, huku akimchagulia tende nyingine. "Kasema atakuja."