Tano Tisa

Nilikuwa napika misheni, upande wa Goweko, kwa padri mmoja Mzungu, mrefu, akiingia jikoni anainama kama twiga anayekunywa maji. Shule sikwenda. Lakini sikio ninalo! Mtu akisema mbele yangu mara moja tu, sauti yake nimeshaichukua. Katekista nilikuwa naye kinywani, na mwenyekiti wa kijiji nilikuwa naye, yule aliyesema "ndugu wananchi" hata akiongea na mkewe chumbani.

Aliyecheka kuliko wote ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Yeye na mumewe walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, kisima bado ahadi. Akija kunitembelea anakaa juu ya kinu kilicholazwa, ananiambia, "Haya dada, lete padri." Naleta padri, sauti yake ya puani.

Padri alikuwa na redio. Si hii ya kusikiliza taarifa ya habari. Ya kwake ilikuwa inaongea na inajibiwa. Waya umetoka dirishani umepanda mpaka juu ya mninga, betri ya gari iko chini ya meza. Basi kulikuwa na mashindano. Watu wa dunia nzima wenye redio kama ile wanaitana Jumamosi mpaka Jumapili, anayewapata wenzake wengi ndiye mshindi. Siku hizo padri hali. Anaita tu, "Sikyuu, sikyuu!" kama anafukuza kuku. Huko anajibu mtu kama yuko ndani ya mtungi. Wanapeana "faifu naini", basi, kwaheri, anaitwa mwingine.

Nikamuuliza, "Baba, mchezo huu faida yake nini?"

Akanijibu kwa pua yake ile: "Mama, hii hapana mchezo. Hii mazoezi. Siku moja mvua nakata barabara, simu nakufa, mgonjwa nalia. Siku hiyo mimi najua kuita."

"Na hiyo faifu naini?"

"Tano tisa. Maana yake, mimi nasikia wewe safi kabisa."

"Wote? Hata yule wa jana aliyekuwa anakoroma kama fisi shimoni?"

Akacheka mpaka akawa mwekundu. Akasema kwenye mashindano kila mtu anapewa tano tisa, asikike asisikike, ndiyo desturi. Ukianza kumweleza mtu ukweli unapoteza muda.

Nikamwambia basi ni kama sisi. "Habari za kwenu?" "Nzuri." "Watoto?" "Wazima." "Mzee?" "Aa, mzee tumemzika juzi." Kwanza nzuri, msiba unafuata nyuma. Nilipompelekea mdogo wangu hilo alicheka nusura aanguke kutoka kwenye kinu. Ikawa salamu yetu. "Shikamoo dada." "Marahaba, hujambo?" "Tano tisa!" Na huku miguu imemvimba, mimba imemlemea.

Mvua za mwaka ule hazikuwa na adabu. Barabara ya Tabora ikakatika. Nguzo za simu za stesheni zikalala majini. Reli ya kutoka Tabora mpaka kwetu ilikuwa nzima, ila huko mbele tuta limeliwa na maji, kwa hiyo treni hakuna. Uchungu ukamshika mdogo wangu wakati huo. Wakamleta zahanati ya misheni juu ya kitanda cha kamba, mabegani mwa wanaume. Mkunga akampima, akatoka akinitazama mimi, si mumewe. Mtoto amelala vibaya. Huyu ni wa kupasuliwa, Tabora, leo hii.

Padri akakimbilia redio. Nimesimama mlangoni na unga mikononi. Tabora mjini kulikuwa na fundi redio, Mwarabu wa pale pale, mwenzake wa mashindano. Padri akamwita, akasema pole pole, kila neno mara mbili: mgonjwa wa uzazi, tunampeleka stesheni ya Goweko, mwambie daktari, leteni kiberenge, kile kigari kidogo cha reli. Redio inakwaruza kama mtu anaparua sufuria. Halafu ikatoka sauti ya fundi, ninaijua, sauti ya mtu anayeuza halua: "Tano tisa, baba! Tano tisa, ahsante!"

Padri akapiga makofi. Betri ilikuwa inakata roho, akazima. "Amesikia. Twende."

Tukamlaza stesheni, chini ya paa, macho yetu upande wa Igalula ambako kiberenge kingetokea. Stesheni masta anainama, anaweka sikio kwenye reli. "Bado."

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, lete padri."

Nikaleta. "Mama, hii hapana mchezo."

Akatabasamu, midomo imekauka. "Lete huyu wa reli."

"Bado!"

"Lete fundi."

"Tano tisa, baba! Tano tisa, ahsante!"

Kila maumivu yakipoa kidogo anaomba sauti. Mumewe akamwambia padri, "Baba, turudi ukaite tena." Padri akasema wameshapokea, wako njiani. Nani angebisha? Mimi mwenyewe nilisikia.

Alasiri akaacha kuomba. Nikaendelea kuzileta bila kuombwa, zote nilizokuwa nazo, mpaka mkunga akanishika bega. Alikwenda yeye na mtoto wake tumboni, jua bado liko juu ya miyombo. Kiberenge hakikuja.

Reli ilipofunguliwa fundi akaja na treni ya kwanza. Akavua viatu mlangoni pangu. Sauti ya halua haikuwepo. "Dada, wallahi sikupata hata neno. Nilijua tu ni sauti ya padri, nikadhani anajaribu redio. Mdomo ukasema wenyewe. Ningesema sikupati, angerudia."

Padri alikuwa pale, kichwa chini. Nikampa fundi kigoda. Nikampa maji. Ningefanya nini?

Mashindano yaliporudi walicheza tena. Lakini sasa padri kila mtu anamwambia alivyomsikia. Wewe mbili. Wewe tatu. Wewe sikupati, rudia. Wenzake wa huko wanafoka ndani ya mtungi, wanamwacha. Nadhani alikuwa wa mwisho dunia nzima. Na fundi kutoka Tabora: "Sikupati, baba. Rudia." Padri anarudia. "Rudia." Anarudia. Nimesimama mlangoni na sahani, mpaka ugali ukapoa.

Mpaka leo ukiniuliza habari, nakupa goti linaloniuma kwanza, halafu usingizi usiokuja. Wajukuu wananigombeza, "Bibi, watu wanaanza na nzuri!" Waanze wao.

Padri ninaye bado, na fundi, na yule wa reli. Nikiwa jikoni peke yangu nawaleta mmoja mmoja. Kila nikimaliza mmoja nanyamaza kidogo, kiasi cha mtu kucheka, ndipo naleta mwingine.