Mshenga wa Mazizi

Dympna Geraghty alilelewa katika nyumba ambamo watoto waliokotwa chini ya majani ya kabichi. Mama yake alisema hivyo akiwa na tumbo la mtoto wa saba, ameshika kiuno, na kabichi zenyewe zimekwisha kuliwa na konokono. Huko kwao Kildare kila mtu alilijua jambo lile na hakuna aliyelitaja. Lilikuwa kama mjomba mlevi: yumo ndani ya nyumba, lakini wageni hawaonyeshwi.

Ndipo akapata kazi kwenye mazizi ya Bwana Cuffe, mahali palipoishi kwa jambo lilelile. Farasi madume wa mbio waliostaafu walifugwa pale kama wafalme, na majike waliletwa kutoka kila upande. Mazizi yote yalikula na kuvaa kwa kazi ya madume wale, lakini hata huko kila mtu alilizunguka neno. Bwana Cuffe alisema dume "anamtembelea" jike, utadhani amekwenda na keki. Mkewe alisema "wamekutanishwa." Daktari wa mifugo alisema "utungishaji," halafu akanawa mikono. Padri alipokuja kubariki mazizi alisema "kuongezeka," macho yake kwenye dari. Watunza farasi walisema "kufunika," na wageni wakishaondoka walisema neno jingine ambalo mama zao wangewasugulia ulimi kwa sabuni.

Dympna alisema "kupanda," kama mtu anayemzungumzia jogoo wake. Kwa hilo walimwona mwanamke asiye na malezi.

Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Aliolewa na Christy, dereva wa lori la mboji, ule udongo mweusi unaokaushwa ukawa kuni, mwanamume mpole aliyesinzia kabla hajavua viatu. Wanawake wa kanisani walimwashia mishumaa. Kathleen, jirani yake, akamletea chupa ya maji ya kisima kitakatifu.

"Kunywa yote, mwaya. Dada yangu aliyanywa akapata pacha."

"Nitakunywa, Kathleen. Lakini mpe na Christy, maana ndiye anayelala saa mbili."

Christy akafa kwa ugonjwa wa moyo, maji bado yako kabatini. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena. Lakini asubuhi nyingine, hasa mwezi wa Machi, ukungu umelala malishoni na watoto wa farasi wanasimama mara ya kwanza kwa miguu inayotetemeka, Dympna alikuwa akiegemea ua mpaka chai ikapoa mkononi.

Kazi yake ilikuwa kumwongoza mshenga. Dume la thamani halipelekwi kwa jike asiye tayari, kwani teke moja laweza kumaliza utajiri wa ukoo mzima. Basi kwanza huletwa dume la hivi hivi, lisilo na nasaba, likasimamishwa nyuma ya ubao mnene na jike upande wa pili. Linanusa, linaimba, linabembeleza. Jike akipiga mateke, bado. Akiinua mkia na kulegea, yuko tayari. Na hapohapo mshenga hugeuzwa akaondolewa, ili bwana arusi aingie.

Mshenga wa mazizi yale aliitwa Askofu. Watunza farasi ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alibariki kila ndoa na hakuingia chumbani hata mara moja. Alikuwa mnene, mwenye kwato kama masufuria, na sauti iliyotikisa vigae. Dympna alikuwa naye tangu akiwa na meno machanga.

Msimu ule sauti ilikatika. Askofu alisimama ubaoni akitazama majani. Jike mmoja mwenye hila alitulia tu, wakadhani yu tayari, wakampeleka kwa dume la fahari la Bwana Cuffe. Alipoguswa akarusha teke, na dume likatoka linachechemea. Jioni hiyo Bwana Cuffe alitangaza: Jumatatu lori la machinjioni litakuja kumchukua Askofu.

Dympna akaingia ofisini na buti zenye matope. Bibi Cuffe alikuwa akiwamiminia chai wageni wawili.

"Bwana, yule farasi si mzee. Amekata tamaa tu. Nawe ungekata."

"Dympna, siyo sasa."

"Mpe jike mmoja. Apande mara moja tu, atarudi kama zamani."

Kijiko kikaanguka sahanini. Mgeni mmoja akakohoa ndani ya kikombe.

"Hakuna jike wangu atakayezaa mtoto wa farasi wa mkokoteni," alisema Bwana Cuffe, shingo imemwiva. "Funga mlango ukitoka."

Malachy, mkuu wa watunza farasi, alikuwa akimngoja nje.

"Umesema lile neno?"

"Nimelisema."

"Mbele ya chai?"

"Chai haikuharibika."

Jumapili, watu wote walipokuwa misani, Dympna alimtoa Askofu zizini, akamvusha malisho mawili hadi nyumbani kwake. Huko alikuwa na jike lake la kukokota mkokoteni wa mboji, mkali hata akaitwa Upupu, na wiki ile Upupu alikuwa kwenye joto la kutaka dume, anawalilia hata ng'ombe. Dympna hakuwa na ubao. Akawasogeza tu.

Askofu akanusa. Masikio yakasimama. Akatoa sauti ndogo, ya kukwaruza, kisha kubwa. Upupu akainua mkia. Na Askofu, kwa adabu ya miaka yote ile, akageuka mwenyewe akaanza kwenda langoni.

"Wewe!" alisema Dympna. "Unakwenda wapi? Hakuna mwingine!"

Akamrudisha. Askofu akaimba, akabembeleza, akageuka tena. Mara ya tatu Dympna akautazama mkono wake na kamba iliyomo, akaelewa: kwa Askofu kamba ile maana yake ni kuondolewa. Akaifungua hatamu. Akatoka, akafunga lango, akaingia jikoni kuchemsha maji, na hakuchungulia dirishani, kwani hata mtu asiye na malezi ana heshima zake. Alisikia kelele, akasikia ua ukivunjika, kisha kimya kirefu. Akakaa na kikombe chake, akicheka peke yake hadi machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Jumatatu lori lilikuwa limekwisha kuegeshwa uani wakati Askofu alipoletwa ubaoni kwa mara ya mwisho. Alifungua kinywa. Njiwa wakaruka paani, na jike aliyekuwa mbele yake akalegea kama siagi kwenye jua kali. Bwana Cuffe alitoka ofisini na leso shingoni.

"Umempa dawa gani?"

"Jike langu, bwana. Jana, wakati wa misa."

Bwana Cuffe alimtazama, akamtazama farasi, akamwendea dereva na kumwambia arudi na lori tupu. Dereva akalalamikia mafuta yake mpaka getini.

"Haya, mwondoe," alisema Malachy, "bwana arusi anakuja."

Dympna akavuta kamba. Askofu hakugeuka. Akavuta tena kwa mikono miwili, buti zikiteleza matopeni. Askofu alisimama pale kama kanisa.

"Njoo unisaidie, Malachy," alisema Dympna, "huyu sasa anajua."