Phally Ajichagulia Umeneja

Phally alikuwa mkuu wa laini yetu ya saba, cherehani arobaini, katika kiwanda cha mashati nje kidogo ya Phnom Penh. Miaka arobaini na mitatu, mjane, binti yake bado yuko shule. Viwanda vyetu vinataka wasichana. Akifukuzwa hapa, hapati kwingine. Alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alitutukana kutwa ili mashati yatimie. Simtetei. Miaka sita nilimchukia.

Wanunuzi wa Ulaya walipokaribia kuja, ofisi ikaamuru wakuu wa laini wavae vitambulisho vya kifuani vyenye cheo kwa Kiingereza. Nilikuwa pale nikiomba ruhusa ya kliniki, karani Vuthy alipomsogezea Phally karatasi yenye maneno matatu: leader, supervisor, manager. Mshahara ule ule, achague mwenyewe.

"La kwanza ni kiongozi, yuko pamoja na wenzake," Vuthy alisema. "La pili msimamizi, anaangalia kazi. La tatu ni meneja. Huyo ndiye anayejibu."

"Anajibu nini?"

"Anachoulizwa, dada."

"Basi niandikie hilo. Mdomo ninao."

Akatia sahihi huku anacheka.

Tangu siku hiyo ukimwita dada hasikii. "Dada yako yuko kijijini anachunga bata," alinijibu mbele ya watu. "Hapa kuna meneja." Shangazi Sokhom, mkubwa wetu kwa umri, akaanza kumwamkia viganja vimekutanishwa na kuinuliwa mpaka kwenye paji la uso, heshima ambayo sisi humpa mtawa wa Kibudha. Tulicheka mpaka uzi ukakatika. Phally akaipokea kwa kutikisa kichwa, kama haki yake.

Mwezi wa nne joto likatushinda. Msichana mmoja akaanguka, wa pembeni yake akafuata, mpaka tukafika kumi na wanane. Kwetu huwa hivyo, akizimia mmoja wengine hawakawii. Ofisi ikamchomea nguruwe mzimu wa pale ili atulie, kiwanja kizima kikanukia. Lakini Chenda, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amegonga kichwa kwenye chuma cha meza, na siku ya tatu akafa. Hapo nguruwe hakutosha. Alitakiwa mtu.

Wakaguzi wa serikali waliokuja kuchunguza kifo hicho walikuta madirisha ya laini ya saba yamepigwa misumari, eti vumbi lisichafue mashati meupe. Wakauliza meneja wa hapo ni nani. Vuthy akaleta ile karatasi yenye sahihi.

"Jamani, hilo ni jina la kifuani tu!" Phally alipiga kelele. "Mimi nakula wali pale chini na hawa! Waulizeni wenyewe!"

Wakatuuliza, mmoja mmoja, yeye amesimama palepale.

"Meneja ni yeye," alisema Shangazi Sokhom. "Alitukataza kumwita vingine."

Wa pili nilikuwa mimi. Nikasema vivyo hivyo, na niliona raha, nisiwafiche. Waliobaki wakafuata. Hakuna aliyesema uongo hata chembe. Phally alimtazama kila mmoja akisema, na yule aliyejisifia mdomo hakuupata.

Jioni ile ile wakamvua kitambulisho, wakamtoa getini na jina la muuaji. Nasikia binti yake sasa anashona, kiwanda kingine, kwa karatasi za umri alizoazima kwa binamu, maana miaka yake mwenyewe haijatimia.

Kuna jambo sikuwaambia wakaguzi, kwa kuwa hawakuniuliza. Kabla Chenda hajaanguka, Phally alikwenda ofisini mara tatu kuomba ile misumari ing'olewe. Mara ya tatu alinichukua mimi niwe shahidi. Vuthy hakuinua hata macho.

"Wewe Phally ni nani hapa," alisema, "hata ufungue madirisha?"