Bakuli la Miiba Kwenye Kihamba

Mimi shule niliachia darasa la tatu, na tangu hapo sijashindwa na kitu kinachoota. Kahawa yangu ya Kirua Vunjo niliipanda penye mawe, mahali ambapo ndugu zangu walisema hata nyasi zinaona haya kuota. Leo wanakuja kuniomba miche. Kwa hiyo binti yangu wa mwisho alipoingia na bakuli la kioo lenye vimea vinne, kikubwa chao hakizidi kidole, nilimuuliza kama ni kachumbari.

"Ni kaktasi, baba. Na hivi vingine ni vya majani manene. Watu wa mahoteli wananunua."

"Wanakula?"

"Wanaangalia."

Miiba! Sisi tumekua tukiifyeka, kumbe tulikuwa tunafyeka mali.

Yeye amepanga chumba Shirimatunda, kule mjini, na vimea vimemjaa dirishani mpaka kitandani. Alichotaka ni kipande cha chini cha kihamba changu, hili shamba la ukoo, kule kwenye mawe nisikolima, ajenge kibanda cha nailoni. Sasa, kwetu kihamba kinakwenda kwa mtoto wa kiume. Wa kwangu yuko Dar, hajui jembe linashikwa upande gani, ila mipaka ya kihamba anaijua yote. Sikutaka kumkatalia binti, wala kumkubalia. Nikapata ujanja, nikajiona nina akili kuliko wote waliosoma.

"Niachie bakuli lako," nikamwambia. "Likifika Krismasi likiwa zima mikononi mwangu, kipande ni chako. Vikifa, usinitajie ardhi tena."

Alinitazama kidogo. "Usije ukageuka, baba," akasema, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoona nilivyojifunga. Vikiishi, natoa ardhi. Vikifa, Kirua nzima itasema mzee kashindwa na kimea cha ukubwa wa kidole. Nilipima, nikaona bora ardhi iende kuliko jina. Basi nikavitunza.

Kutunza najua. Siku ya zamu yetu ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka mlimani, nilichota kopo nikavinywesha kwa heshima. Nikaongeza samadi ya ng'ombe iliyoiva vizuri. Zamu iliyofuata, vilevile. Bakuli halikuwa na tundu chini. Nikalisifu, maana maji hayapotei.

Kile kirefu kikaanza kuvimba, nikajua kinanenepa. Nilipokigusa, kidole kikazama kama kwenye ndizi ya supu ya mtori.

Nikashuka Shirimatunda. Sikwenda kuomba msaada, nilikwenda kumsalimia mwanangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hivi vimea vyako vinapenda nini?"

"Umevinywesha kama migomba, eti?"

"Nimevitunza."

"Baba, tafadhali. Mwaga hayo maji, toa samadi, weka mchanga mkavu. Halafu usifanye kitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Krismasi."

Jamani, usifanye kitu! Nyumba, ng'ombe, ada za watoto, vyote nilivipata kwa kufanya kitu. Nilibadilisha mchanga, nikakaa. Lakini kila asubuhi najikuta nimeshika kopo. Mke wangu akaona, akalibeba bakuli akalifungia chumba cha wageni, dirishani penye jua, na ufunguo akautundika kwenye rozari yake.

"Kamwagilie kahawa, mzee," akasema. "Hii kazi inataka mvivu, na wewe huna kipaji hicho."

Krismasi watoto wote wakapanda mlimani. Baada ya misa, watu wakiwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, bakuli likawekwa mezani. Vitatu vimesimama, kimoja kimetoa ua jekundu. Pa kile kirefu palikuwa na shimo.

Mwanangu wa Dar alidakia mapema. "Kimoja kimekufa, baba. Ulisema likiwa zima."

 Binti alikuwa anakunja ncha ya kitambaa cha meza, anakunjua, anakunja.

"Kilichokufa nilikishughulikia mimi," nikasema. "Vilivyopona nilizuiwa nisiviguse. Wewe unayehesabu maiti, ulishughulikia kipi?"

"Mimi nilikuwa Dar, mzee."

"Na kihamba kilikuwa huku."

Mama yake alicheka mpaka mbege ikamwagika. Binti akainama mezani, mabega yanamtikisika, sikujua analia au anacheka, na sikuuliza.

Kipande nikampa binti, ila si kwa huruma, ieleweke. Mtu anayeweza kuotesha kitu kilichonishinda mimi, namtaka ndani ya mipaka yangu, asiende kumtajirisha jirani.

Kesho yake tulishuka kwenye mawe tukiwa na masale, ile mimea tunayopanda mipakani ili mtu asisogeze. Kaka yangu alikuja kuwa shahidi. Nilipokuwa nachimba shimo la kwanza akaninong'oneza, "Tangu lini isale likapandwa kwa ajili ya msichana?"

Nikamwambia ashike shina liwe wima, nifukie.