Bosi Aliporudi Kutoka Semina

Nilikuwa msimamizi wa oveni katika kiwanda kidogo cha mikate hapa Bungoma. Bosi wetu, mama wa Kitale, alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Akiegesha gari tu, sisi wa ndani tunajua siku itakuwaje.

Kisha akaenda kwao Kitale kwa semina ya viongozi, kufundishwa kuelewa hisia zake na za wafanyakazi. Jumatatu aliingia polepole, akatabasamu, akasema kwa sauti ya chini, "Hamjambo. Leo mnajisikiaje?"

Alipopita, dereva wa mikate akaninong'oneza, "Bana, tunafutwa kazi sisi wote."

Kabla ya chai ya saa nne, mikate iliungua. Tukajikunja kungoja radi. Badala yake bosi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu na kuishikilia. Dereva akadhani ni presha, akakimbilia maji. Mkandaji wa unga akaanza maombi kwa sauti.

"Si mniache nipumue!" bosi akasema.

Hapo mama wa kupakia mikate, mtu mkimya sana, akaangua kilio. Bosi akamsogelea, akamuuliza kama alivyofundishwa, "Unahisi nini?"

"Nahisi ng'ombe yangu imekufa, Madam. Jana, huko Bumula."

Nilimwona bosi akitafuta kichwani semina ilisema nini kuhusu ng'ombe. Haikuwa imesema kitu. Basi akakaa juu ya gunia la unga, na sketi yake nyeusi, akasema, "Pole, mama. Ebu niambie, ilikuwa ng'ombe ya aina gani?"

Mama akaeleza. Ilikuwa inafungua mlango wa jikoni kwa pembe. Ilikuwa inakataa katakata kukamuliwa na mzee wake. Akajikuta anacheka huku machozi yanatiririka, bosi naye akacheka. Akamtuma nyumbani kwa gari la mikate, kisha akashika nafasi yake mezani. Alifunga mifuko vibaya mpaka jioni, akitupigia kelele ati tunamletea mikate haraka mno. Tulifurahi kweli kumsikia.

Siku hizi kelele bado ziko, ila kabla ya kuzianza anatutazama usoni kwanza. Akiona uso umechoka, anahamia kwa mwingine. Sisi nasi tumejifunza kuchoka vizuri. Dereva ndiye hodari kuliko sisi sote.